Kupona, na Kurudi Kupimwa

Katika nyumba ya ndugu yetu mmoja wa parokia, juu ya kabati la nguo, kuna bahasha kubwa ya karatasi nene. Ndani yake mna picha za shingo yake, zilizopigwa kwa mashine katika nyakati nne tofauti, na juu ya kila picha mke wake ameandika tarehe kwa mkono. Watoto wa nyumba hiyo wanajua kwamba bahasha haikunjwi, haiwekwi juani, wala haiazimwi. Tulimwomba mwenye nyumba ruhusa ya kuwasimulia habari ya bahasha hiyo, naye alikubali kwa sharti moja tu, kwamba jina lake lisitajwe. Basi tutamwita Yaya, kama tulivyozoea kumwita, kwa kuwa ametutangulia kwa umri.

Tunawaandikia kwa sababu katika habari hii tulikosea mara mbili, sisi tuliomzunguka na kumpenda. Mara ya kwanza tulikosa subira. Mara ya pili tulikosa kukesha. Makosa hayo mawili huonekana kama yanapingana, lakini yalitoka katika mzizi mmoja: tulitaka picha itupe neno la mwisho, ili tupate kupumzika.

Yaya alikuwa mwalimu wa kwaya kwa muda mrefu kuliko umri wa wengi wenu. Katika kiangazi kimoja sauti yake ilianza kukwaruza. Tulisema ni vumbi la Lubumbashi, tukampa tangawizi na asali. Mvua zilipoanza vumbi likaisha, lakini mkwaruzo haukuisha. Laiti tungalijua jambo ambalo madaktari hulisema daima, kwamba sauti inayokwaruza kupita wiki tatu, hasa kwa mtu aliyevuta sigara tangu ujana wake, inastahili kuchunguzwa na mganga wa koo, tungaliokoa miezi kadhaa. Hatimaye alipitishiwa kamera nyembamba puani hadi kooni, kikakatwa kipande kidogo cha nyama, kikapelekwa maabara. Jibu lilikuwa saratani, ile tunayoiita kansa, katika zoloto, yaani kile kiungo cha shingoni ambamo sauti huzaliwa.

Matibabu aliyoshauriwa yalikuwa ya mionzi. Tukavuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda nchi jirani. Mtu avukaye pale hupita kando ya msururu wa malori yaliyobeba shaba na kobalti ya Katanga, na katika msururu ule tulipata muda mrefu wa kufikiri. Kuanzia miaka ya 1920, mawe ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, yalisafirishwa hadi Olen, nchini Ubelgiji, yakatolewa radiumu iliyotumika kutibu saratani katika hospitali za Ulaya na Marekani. Baadaye, mwaka 1951, wagonjwa wa kwanza walitibiwa nchini Kanada kwa mashine za kobalti 60, ambayo ni kobalti ya kawaida iliyopitishwa katika tanuri la nyuklia. Ardhi yetu imetoa kwa wingi vitu vya kuwaponya wengine, na mgonjwa wetu alikuwa akivuka mpaka kuutafuta mwonzi. Hatusemi hayo ili tuwatie uchungu. Tunayasema ili wale kati yenu wanaosoma fizikia na utabibu wajue kwamba habari hii inawahusu.

Tiba yenyewe haikuwa na kelele. Kwanza walimtengenezea kofia ya plastiki laini iliyofuata sura yake, ambayo ilifungwa juu ya meza ili kichwa kisisogee hata kidogo. Kisha alipewa vipimo 35 vya mionzi, kimoja kila siku, siku tano kwa wiki, kwa muda wa wiki saba. Jumla yake ilikuwa grei 70, na hicho ndicho kipimo cha kawaida kwa saratani nyingi za kichwa na shingo. Mwonzi hauonekani wala hausikiki, na wiki ya kwanza Yaya alidhani kwamba hajafanyiwa kitu. Wiki ya nne koo lilikuwa kidonda, mate yalikauka, ngozi ya shingo ikawa nyeusi kama iliyoungua. Alikunywa uji kwa kijiko. Sisi tulipokezana kukaa naye, na nyumbani jumuiya ilichanga fedha za chumba na za chakula.

Siku ya mwisho ya mionzi tulishangilia. Tukamuuliza daktari, “Sasa lini tutapiga picha, tujue kama ugonjwa umekwisha?” Akatujibu kwa utulivu, “Wazee wangu, si sasa. Mtamrudisha nimwangalie koo baada ya wiki chache, lakini picha tutaipiga baada ya wiki kumi na mbili.” Tuliitika, lakini moyoni hatukukubali. Wiki kumi na mbili! Mtu ametibiwa, fedha zimetumika, mke hajalala, na mganga anasema tungoje miezi mitatu?

Hapo ndipo tulipokosea kwanza. Wiki ya sita ilipofika, mmoja wetu alisema kwamba katika mji wetu pia kuna skana, na kwamba daktari wa mbali hajui jinsi nyumba inavyoteseka. Tukachanga tena, tukampeleka Yaya kupigwa picha bila kumwambia daktari aliyemtibu. Taarifa iliyoandikwa chini ya picha ilikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza ilisema kwamba kuna uvimbe mahali palepale pa zamani. Ya pili ilisema kwamba katika muda huu mfupi haiwezekani kutofautisha mabaki ya ugonjwa na matokeo ya mionzi. Sisi tulisoma ya kwanza, tukaifunga bahasha.

Hatuwezi kuwaeleza vizuri siku zilizofuata. Yaya aliacha uji. Aliwaita wanakwaya wawili, akawagawia madaftari yake ya nyimbo, na kila mtu alielewa maana yake. Ndugu wa upande mmoja walitaka kuuza kiwanja ili apasuliwe haraka. Ndugu wa upande mwingine walisema hospitali imeshindwa, arudishwe kijijini. Mke wake alikaa katikati yao bila neno. Picha ile haikusema kwamba atakufa. Sisi ndio tuliosema.

Baada ya siku nane mke wake alichukua simu, akampigia daktari wa ng'ambo ya mpaka. Daktari hakumkemea. Alitueleza mambo ambayo tungalipaswa kuyauliza tangu mwanzo, na tangu siku ile tumejifunza zaidi. Tutayaeleza hapa kama mwalimu aelezavyo darasani.

Mwonzi hauui seli ya saratani papo hapo. Huiharibu ndani, katika maandishi yale yanayoiongoza kujigawanya, na seli nyingi hufa baadaye, zinapojaribu kugawanyika na kushindwa. Kwa hiyo donge laweza kuonekana bado katika wiki ya sita, nalo liko njiani kufa. Tena mwonzi huumiza na nyama nzima iliyo jirani: maji hujaa, nyama huvimba, mipaka kati ya kiungo na kiungo hufifia, na baadaye kovu hukaza. Skana ya kawaida hupiga eksirei kutoka pande zote za mwili, na kompyuta huunganisha vivuli vyake viwe picha za vipande vipande. Hesabu za namna hiyo zilianza kufikiriwa katika Afrika yetu, na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur huko Cape Town mwaka 1956. Yeye na Mwingereza Godfrey Hounsfield walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Lakini mashine hiyo, pamoja na uwezo wake wote, huona umbo tu. Uvimbe wa saratani na uvimbe wa mionzi vyaweza kuvaa umbo moja.

Kuna picha nyingine, ile ya sumaku, inayoona nyama laini vizuri zaidi. Hiyo yaweza hata kupima jinsi maji yanavyotembea katikati ya seli. Mahali penye saratani seli husongamana, na maji hukosa njia. Mahali palipovimba tu, maji hupita kwa urahisi. Hapo daktari hupata dalili nyingine ya kumsaidia kupambanua.

Kuna pia picha ya tatu, iitwayo PET. Mgonjwa hufunga kula kwa saa kadhaa, kisha hudungwa sukari iliyotiwa alama ya mionzi kidogo. Seli za saratani hula sukari kwa pupa, na baada ya saa moja hivi mashine huona mahali sukari ilipokusanyika. Wakati wa kungoja, mgonjwa wa koo huombwa akae kimya, kwa maana hata misuli ya sauti ikifanya kazi hula sukari hiyo na kung'aa kama ugonjwa. Alama hiyo hupungua nusu katika muda wa dakika 110 tu, kwa hiyo haiwezi kutunzwa ghalani wala kusafirishwa siku nyingi. Ndiyo sababu mashine hizo ni chache katika pande zetu. Nairobi inayo, Yaya hakuipata. Lakini hata hiyo huwa na udhaifu wake: kidonda cha mionzi kinapopona, seli zinazosafisha mahali pale nazo hula sukari. Picha ikipigwa mapema, uponyaji wenyewe huonekana kama saratani.

Basi wiki kumi na mbili hazikuwa uvivu wa daktari. Kulikuwa na utafiti mkubwa nchini Uingereza, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2016, uliohusu watu 564 waliokuwa na saratani ya kichwa na shingo iliyokwisha kuenea katika tezi za shingoni. Wote walipewa mionzi pamoja na dawa. Nusu yao walipangiwa kupasuliwa shingo kama ilivyokuwa desturi. Nusu nyingine walingojewa, wakapigwa picha ya PET baada ya wiki 12, na kisu kikatumika tu pale picha ilipoacha mashaka. Katika kundi la kwanza zilifanyika operesheni 221 za shingo. Katika kundi la pili 54. Na baada ya miaka miwili, walio hai katika kundi la kungoja walikuwa asilimia 84,9, na katika kundi la kupasuliwa asilimia 81,5. Maana yake ni kwamba waliongoja hawakupoteza kitu, na wengi wao waliepushwa na kisu wasichokihitaji. Kungoja huko hakukuwa kukaa bure. Kulikuwa na tarehe, na kulikuwa na mtu aliyewajibika kuangalia.

Sisi tuliofundishwa ualimu tuliona haya, kwa maana kanuni hiyo tuliijua. Chuoni tulifundishwa kwamba mtihani haupimi mwanafunzi peke yake. Hupima pia akili ya yule aliyeuweka. Ukiwapa watoto mtihani jioni ileile ya somo gumu, huwezi kujua nani hakuelewa na nani bado anatafakari. Wote wataandika vibaya, nawe utawaandikia wote sifuri. Sisi tulimpa Yaya mtihani wa mapema, tukamwandikia sifuri, naye aliisoma.

Wiki ya kumi na tatu tulivuka mpaka tena. Daktari alipitisha kamera kooni, akapapasa shingo kwa vidole vyake pande zote mbili, kisha akaagiza picha. Aliiweka ya pili kando ya ya kwanza, ile tuliyoipiga kwa haraka, na kwa mara ya kwanza tukaona faida yake: uvimbe ulikuwa umepungua sana. Akasema, “Hii ya pili itunzeni. Ndiyo picha ya msingi. Kila itakayokuja tutailinganisha na hii.” Ndipo bahasha ilipoanza kupanda juu ya kabati. Yaya alirudishiwa madaftari yake ya nyimbo, na wale vijana wawili waliyarudisha wakicheka na kulia.

Laiti habari ingeishia hapo. Daktari alikuwa ametupa pia karatasi ya safari zijazo: mwaka wa kwanza kila baada ya miezi miwili, mwaka wa pili kwa nafasi kubwa kidogo, kisha kwa nafasi kubwa zaidi hadi mwaka wa tano. Alitueleza sababu: saratani hizi, zikirudi, nyingi hurudi ndani ya miaka miwili au mitatu ya kwanza. Si kila safari ingehitaji picha. Safari nyingi zingehitaji jicho, kidole, kamera ya kooni, na swali. Mara mojamoja angepimwa damu pia, kwa maana mionzi ya shingo yaweza kuichosha tezi ya shingo baada ya miezi au miaka.

Yaya alikwenda safari ya kwanza na ya pili. Ya tatu iliangukia mwezi wa ada za shule. Ya nne iliangukia mwezi ambao bati la nyumba lilivuja. Nasi, tuliokuwa tumechanga bila kuchoka alipokuwa mgonjwa, hatukuona sababu ya kuchangia mtu mzima anayeimba. Tulisema, “Picha ilikuwa safi.” Wengine miongoni mwetu walisema neno zito zaidi, kwamba mtu aliyeponywa akirudi hospitali kila mara anaonyesha mashaka. Sisi makatekista tulilisikia neno hilo tukanyamaza, na kunyamaza kwetu kulikuwa kukubali.

Kisha sikio la kushoto likaanza kumuuma. Tulidhani ni jino. Sauti, ambayo baada ya mionzi ilikuwa imerudi ikiwa nzito kidogo, ikaanza kukwaruza tena. Tulidhani ni uchovu wa mazoezi ya Pasaka. Yaya mwenyewe alijituliza, akisema, “Picha ilisema nimepona.” Nasi tulimwitikia.

Binti yake wa tatu alikuwa akisomea uuguzi. Jumapili moja, tulipokuwa tumeketi chini ya mwembe wa nyumba hiyo, tulirudia neno letu kwamba picha ilikuwa safi. Binti alileta bahasha, akaiweka mezani, akauliza kwa adabu, “Baba mdogo, picha hiyo ni ya lini?”

Tuliisoma tarehe iliyoandikwa na mama yake. Ilikuwa na umri wa miezi kumi na mmoja.

Binti hakusema zaidi, wala hakuhitaji. Picha husema habari za siku ile ilipopigwa. Haisemi habari za kesho yake. Tulikuwa tumeichukua habari ya mwaka uliopita tukaifanya habari ya leo, na kwa hiyo tulikuwa tumeziba masikio yetu tusisikie mwili wa Yaya ulivyokuwa ukisema wenyewe. Baadaye tulifundishwa kwamba maumivu ya sikio moja, sikio lenyewe likiwa zima, yaweza kutoka kooni, kwa sababu mshipa wa fahamu unaopeleka habari za koo una tawi linalofika sikioni. Dalili ilikuwepo. Sisi tuliifunika kwa bahasha.

Wiki iliyofuata tulivuka mpaka. Kamera ya kooni ilionyesha upande mmoja wa zoloto usiosogea vizuri, ingawa ngozi yake ya juu ilionekana karibu salama. Picha ya tatu, iliyowekwa kando ya picha ya msingi, ilionyesha chini ya ngozi hiyo mahali palipokuwa pamejaa zaidi kuliko zamani. Peke yake, daktari alisema, picha hiyo ingeweza kuitwa kovu. Kando ya ile ya pili, haikuweza. Hata hivyo hakutoa hukumu kwa picha. Alichukua kipande kidogo cha nyama, kwa uangalifu, kwa kuwa nyama iliyopigwa mionzi hupona polepole ikijeruhiwa, akakipeleka maabara. Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini hakuruhusu kumkatakata Yaya kooni katika wiki ya sita. Jibu lilikuwa kwamba saratani imerudi.

Mionzi haikuweza kurudiwa kama mwanzo. Njia iliyobaki ilikuwa kuondoa zoloto lote. Daktari alimweleza Yaya mbele yetu: atapumua kwa tundu chini ya shingo, na sauti aliyozaliwa nayo haitakuwepo tena. Kwa mwalimu wa kwaya hilo halikuwa jambo la kuelezwa mara moja likaisha. Yaya aliomba usiku mmoja wa kufikiri. Sisi tulilala katika chumba kilekile, na tulimsikia akiimba kwa sauti ndogo iliyokwaruza, wimbo baada ya wimbo, hadi karibu na alfajiri. Asubuhi alisema, “Nimeziaga. Twendeni.”

Daktari alitwambia neno moja ambalo hatulisahau. Ugonjwa ulikuwa bado ndani ya kuta za zoloto, na kwa hiyo uliweza kukatwa wote. Laiti tungalikuja katika ile safari ya tatu tuliyoikosa, huenda ungaliokotwa ukiwa mdogo zaidi. Laiti tungalingoja miezi mingine michache, huenda kusingalikuwa na la kukata. Mambo yote mawili ni kweli. Swali la binti lilimwokoa baba yake na hilo la pili. Hili la kwanza linatuhusu sisi, na hatujiondoi.

Sasa ni mwaka wa tatu tangu upasuaji ule. Yaya yu hai. Huzungumza kwa kifaa kidogo anachokiweka shingoni, na watoto wadogo wamekwisha kukizoea. Kwaya anaiongoza kwa mikono, na sauti ya kuanzia hutolewa na mmoja wa wale vijana wawili waliorudisha madaftari. Picha ya nne, iliyopigwa jeraha lilipokwisha kutulia, ndiyo picha ya msingi mpya. Imo katika bahasha pamoja na wenzake, kwa utaratibu wa tarehe.

Tulipokuwa tukiandaa mafundisho ya mwaka huu tulisoma tena sura ya 13 ya kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ambayo vijana wengi huiruka kwa kuwa inahusu madoa ya ngozi. Tuliona jambo tusilolitambua zamani. Kuhani akiona doa lenye mashaka haamui papo hapo. Humtenga mtu kwa siku saba, kisha humwangalia tena. Pakiwa bado na mashaka, humwachia siku saba nyingine, akamwangalia mara ya pili. Na hata yule aliyekwisha kutangazwa safi, doa likienea baadaye, hurudi aonekane tena. Nao wakoma kumi wa Injili walitumwa wakajionyeshe kwa makuhani, na njiani wakatakasika. Basi wale wanaosema kwamba kurudi kupimwa ni kukosa imani, tunawaomba wasome tena. Mtu anaweza kushukuru kwa moyo wote siku ya Jumapili, akapanda gari la Kasumbalesa siku ya Jumatatu, pasiwe na ugomvi kati ya siku hizo mbili.

Vijana wapendwa, katika familia nyingi ninyi ndio mnaosoma karatasi za hospitali, ndio wenye simu, ndio mnaopanda juu ya kiti kushusha bahasha. Kwa hiyo kazi hii ni yenu zaidi kuliko yetu. Mtu wa jumuiya yenu akitoka katika tiba ya mionzi ya kichwa au shingo, muulizeni mganga tarehe ya picha ya kwanza, mkaiheshimu, hata nyumba ikilia. Someni taarifa hadi sentensi ya mwisho. Tunzeni picha zote pamoja na taarifa zake, mzipeleke kila safari, kwa maana daktari asiye na picha ya zamani ni kama mwalimu asiye na daftari la mwaka uliopita. Picha ikisema hakuna kitu, furahini, lakini msiache kumsikiliza mgonjwa mwenyewe: sikio linalouma upande mmoja, sauti inayobadilika, donge shingoni, chakula kinachokwama, damu katika mate, mwili unaokonda. Picha ikisema kuna kitu, msichimbe kaburi. Ulizeni kwanza ilipigwa lini, na ni kipimo gani kitakachothibitisha. Na aliyekuwa akivuta sigara, msaidieni aache kabisa, kwa kuwa moshi huongeza hatari ya ugonjwa kurudi au mwingine mpya kuzaliwa.

Jambo la mwisho ni la mifuko yetu. Jumuiya zetu hujua kuchangia mgonjwa aliyelala, na hujua kuchangia msiba. Bado hatujui kuchangia nauli ya mtu mzima anayekwenda kuangaliwa. Baada ya yale yaliyotupata, jumuiya yetu imefungua daftari dogo kwa ajili hiyo. Fedha zake si nyingi, lakini tarehe zimo, za watu watatu sasa, na kila tarehe ina jina la msindikizaji kando yake.

Safari ijayo ya Yaya imeandikwa kwa kalamu nyekundu nje ya bahasha. Ni Jumanne ya pili ya mwezi ujao. Atakayemsindikiza ni kijana wa sauti ya tatu, ambaye amekwisha kuomba ruhusa shuleni.